Kabla ya Kuihukumu Kompyuta ya Injini

Greda ikigoma kuwaka kwenye njia ya Walikale, mashariki mwa Kongo, watu huilaumu kompyuta ya injini kabla hata boneti haijafunguliwa. Naelewa wanavyofika hapo: ni kisanduku kilichozibwa, hakionyeshi kitu, na stata inazunguka bure huku taa ya njano imewaka. Kazi yangu ni kukisafisha kisanduku hicho na lawama, au kukitia hatiani kwa ushahidi. Mara nyingi nimekikuta hakina kosa.

Kukosea hukumu hiyo huku ni hasara kubwa. Kompyuta ya mashine nzito ni maelfu ya dola, huagizwa nje, na ikifika tupu haiwashi kitu mpaka itiwe programu inayolingana na mashine yenyewe. Tangu uwanja wa ndege wa Goma ufungwe mwishoni mwa Januari 2025, vifurushi vinazungukia nchi jirani, kisha vinaanza safari ya vizuizi vya barabarani. Wakati huo mvua inakula njia, malori yanazama matope, na mama mwenye maharage yake hafiki sokoni.

Kwa hiyo naanza na betri. Ziko mbili za volti 12, zimefuatanishwa kutoa 24. Testa ikisoma 24 mashine imelala, sijajua kitu bado. Namwambia shofa apige stata, macho yangu kwenye namba. Ikishuka chini ya 18 hivi, kompyuta inaweza kuzimika na kujiwasha upya katikati ya mzunguko: injini inazunguka, lakini hakuna anayeziamuru injekta zifunguke. Kisha napima masi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri: ncha moja kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye bloku ya injini, stata ikizunguka. Ikizidi nusu volti, kuna kutu au boliti iliyolegea, na unyevu wa msitu wa Walikale haupumziki.

Waya nao hudanganya. Uliobakiwa na nyuzi mbili za shaba husoma 24 sawasawa na uliotimia. Nachomoa plagi ya kompyuta na kufunga balbu kubwa ya lori, ya volti 24, kati ya pini ya umeme na ya masi. Ikififia, waya umeshindwa mzigo, na hilo testa peke yake isingeniambia.

Juu ya Sake, upande wa Masisi, niliitiwa greda iliyozunguka vizuri bila kushika. Kijana wake akanipokea: “Papa fundi, kompyuta imekufa. Patron ameshauliza bei.” Nikachomeka kifaa cha kusomea hitilafu. Kikaleta sensa nne kwa mpigo, zote na alama ya FMI 4, maana yake volti iko chini mno au waya umegusa masi. Sensa nne hazifi asubuhi moja. Zinachoshirikiana ni mstari mmoja wa volti 5 unaotoka kwenye kompyuta. Nikaupima: haukufika hata volti moja. Nikawa nachomoa sensa moja moja, kijana anasoma testa kwa sauti. “Bado, Papa. Bado.” Zote zikatoka, namba haikupanda. Basi ugonjwa uko kwenye waya, au kwenye kompyuta yenyewe. Tukalifuata fungu kwa vidole mpaka nyuma ya bloku, kwenye kibano kilichopoteza mpira wake. Chuma kilikuwa kimesugua ganda hadi shaba ikang'aa. Nilipouinua ule waya kwa bisibisi, kijana akapaza sauti: “Tano, Papa! Tano!” Kompyuta iliyotangazwa kufa ilikuwa hai muda wote, inajikinga.

Kipimo changu kingine ni cha mtandao wa waya mbili unaounganisha kompyuta za mashine. Betri ikiwa imekatwa, kati ya waya hizo nataka ohm 60, kwa kuwa vipingamizi viwili vya 120 vimekaa, kimoja kila mwisho. Nikipata 120, kimoja kimepotea au waya umekatika. Nikipata sifuri, zimegusana.

Yapo yanayoiua kompyuta kweli, na la kwanza ni kuchomelea. Meno ya ndoo huchomelewa kila mara huku, na mchomeleaji hufunga masi yake popote palipo karibu na mkono. Umeme unarudi kwa njia ya waya za kompyuta. Chomoa betri, chomoa plagi za kompyuta, funga masi jirani kabisa na unapochomelea. Ni dakika chache tu.

Vita navyo huzalisha mashine zisizowaka. Machi 2025, waasi wa M23 waliposonga kuelekea mji wa Walikale, hata mgodi wa bati wa Bisie ulisimamisha kazi hadi Aprili. Mashine zikiachwa porini hivyo, panya hutafuna waya, betri hufa, na mazuti kwenye tangi hukusanya maji. Yale ya bidoni za kando ya njia huja na maji yake tayari. Presha ya mazuti isipopanda, kompyuta haifungui injekta, na hapo inatenda haki.

Ninalodai kwa wanaoleta mashine hizi ni mchoro wa waya. Mashine inafika na rangi mpya na kitabu cha kubadilisha oili, lakini mchoro unabaki kwenye programu ya kulipia ambayo kijana wa Masisi hataiona kamwe. Kurasa nilizonazo nimezifunika kwa plastiki, na kila anayekuja kujifunza kwangu anazipiga picha kwa simu yake kabla sijampa bisibisi.