Kigali: Mji na Sauti ya Mkazi Wake

Mgeni afikaye Kigali hustaajabia barabara safi na vilima vilivyopambwa kwa miti. Lakini wahenga walisema: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Ukitaka kuujua mji, uliza ni nani aruhusiwaye kukaa humo, na ni nani asikilizwaye.

Swali hilo ni la zamani. Katika mji wa Geneva, karne ya 18, mtu aliweza kuzaliwa na kuzeeka mjini bila ya kuwa na kura katika baraza kuu. Kura ilikuwa ya raia wa asili na ya wale waliopata uraia, mara nyingi kwa kuununua. Kukaa mjini na kuwa mwenye mji yalikuwa mambo mawili.

Kigali nayo iliyaonja hayo. Mji ulianzishwa mwaka 1907 na daktari wa Kijerumani, Richard Kandt, wakati Mwami Musinga akikaa Nyanza. Askari na wachuuzi waliotoka pwani walikuja na Kiswahili na dini yao. Msikiti wa Al-Fatah, Nyamirambo, ulijengwa mwaka 1913. Utawala wa Kibelgiji uliwatenga Waislamu hao katika mtaa wa Biryogo, na kutoka kulihitaji kibali. Walichangamsha soko la mji, lakini hawakuulizwa mji uendeshwe vipi.

Uhuru ulipopatikana tarehe 1 Julai 1962, Kigali ikawa mji mkuu, wenye watu wapatao 6,000 tu. Hata hivyo, kibali hakikutoweka: katika miaka ya 1980 mtu wa shamba hakuweza kuhamia mjini bila ya ruhusa ya serikali.

Leo Kigali ina wilaya tatu: Gasabo, Kicukiro na Nyarugenge. Sheria ya mwaka 2019 iliweka baraza la madiwani 11: sita huchaguliwa, watano huteuliwa na Rais. Chini kabisa upo umudugudu, ambako wakazi humchagua kiongozi wao kwa kupanga mstari nyuma yake. Jumamosi ya mwisho ya mwezi hufanya umuganda, kazi ya pamoja. Kisha hukaa mkutanoni.

Mkutanoni hapo ndipo penye kipimo. Jembe limeshikwa na wote. Na neno la mkazi wa Biryogo lipate uzito ule ule wa neno la diwani.