Koti ya Majani na Nguo ya Gome

Katika vijitabu kama hiki watu wanaandika mara nyingi juu ya ngoma, mahari, vyakula na majina ya watoto. Nguo ya mwindaji hakuna anayeikumbuka. Hata mimi ningeisahau kama haingeniletea aibu na hasara ndani ya jamaa yetu mwaka 2012. Basi nitasema ile niliyoona, na pale nilipokosea nitasema vilevile.

Mimi ni mtoto wa Mudzipela, hapa Bunia. Huku kwetu tuko watu wa nyasi na vilima; mtu akisema mnyama, sisi tunawaza ng'ombe. Pori kubwa iko mbele. Unashika barabara ya taifa namba 27 mpaka Komanda, kilometa 75 hivi, na kutoka pale miti inaanza kukaza njia pande zote mbili. Lakini mama yangu ni Mubila wa upande wa Lolwa, kwa hiyo wajomba zangu ni watu wa pori. Tangu mababu wako na urafiki na Wambuti: Wambuti wanaleta nyama na asali, wajomba wanatoa ndizi, mihogo na chuma. Urafiki huo una ugomvi wake pia, lakini hiyo ni habari ingine.

Mwezi wa tano 2012 nilikuwa sokoni Bunia siku ya kufungua balo ya mitumba. Wamama walikuwa wanavutana, na mimi nikaona mkono wa koti unatokea katikati ya suruali. Ilikuwa koti ya kuwindia, nzito, yenye mifuko sita, na kote kote imechorwa majani, vijiti na maganda ya miti. Haikuchorwa kama tenu ya askari, ile yenye madoa makubwa tunayoita tashtashi. Hii ilikuwa kama picha kabisa, unaona hata mishipa ya jani. Kwenye shingo kulikuwa na kitambaa kidogo: Mossy Oak. Nililipa dola 7 bila kubishana sana. Niliwaza mujomba wangu, anayekwenda pori kila wiki na shati iliyotoboka mgongoni. Nilisema moyoni, leo muzee atavaa kama mwindaji wa kweli.

Baadaye nilisoma asili ya koti zile. Mwaka 1986, katika jimbo la Mississippi kule Marekani, mtu mmoja jina lake Toxey Haas alichukua fumba moja ya udongo, majani na vijiti mahali alipokuwa anawinda, akapeleka kwa watengenezaji wa vitambaa akawaambia: nataka nguo inayofanana na hii. Mwaka uleule, katika jimbo la Georgia, Bill Jordan alianzisha Realtree, naye alianza kwa kuchora gome la mti mkubwa uliosimama mbele ya nyumba ya wazazi wake. Ninapenda habari hizo. Hawa si wajinga. Kila mmoja alitazama pori ya kwao akaivaa. Kosa lilikuwa langu mimi niliyedhani pori ya kwao na ya kwetu ni moja.

Nilifika kwa mujomba mwanzo wa mwezi wa sita. Alipokea koti kwa mikono miwili, akaigeuza, akainusa. Akacheka.

"Mwipwa wangu, hii inanuka sabuni mpaka Mambasa."

"Mujomba, ni nguo safi, niliifulisha vizuri na OMO."

"Ndiyo hiyo ninasema."

Kesho yake tulienda, sisi wanne: mujomba, mtoto wake mkubwa, mimi, na muzee mmoja Mumbuti rafiki yake wa tangu ujana. Siku ile haikuwa ya nyavu. Uwindaji wa nyavu unataka kambi nzima: nyavu za kamba ya kusa zinaunganishwa nusu duara, wamama na watoto wanapiga kelele kufukuza wanyama, na wanaume wanangojea kwenye wavu na mkuki. Huko mtu angeweza kuvaa hata shati nyekundu, sababu mnyama anakimbia makelele, hana wakati wa kutazama. Sisi tulienda kuita. Mwindaji anajificha, anaziba pua na vidole, anatoa sauti kama mtoto wa mboloko anayelia, na mboloko, yule swala mdogo wa kilo 4 au 5, anakuja mwenyewe kuangalia. Kule ndiko nguo inajaribiwa.

Mujomba aliniambia nivae koti mimi mwenyewe. "Wewe uliileta, wewe uioneshe kazi."

Jambo la kwanza ni rangi. Sokoni niliona koti kama pori yenyewe. Ndani ya pori ya Ituri, chini ya ile miti, nuru ni kidogo na ya kijani nzito karibu nyeusi. Koti yangu ilikuwa ya kahawia ya kupauka na kijivu, majani makavu ya mwaloni wakati wa baridi ya Marekani. Nikitazama mkono wangu, uling'aa kama karatasi. Mtoto wa mujomba, mwenye shati ya zamani ya bluu iliyoiva na moshi mpaka haina jina la rangi, nilimpoteza kwenye hatua kumi.

Jambo la pili ni sauti. Nilipotembea, mkono ulisugua mbavu: shwi, shwi, shwi. Muzee Mumbuti alisimama mara tatu akageuka. Hakusema kitu. Yeye alitembea kifua wazi, kaptula moja tu, na mguu wake haukusikika juu ya majani.

Tukajificha nyuma ya mzizi mkubwa. Muzee akaita. Akanyamaza. Akaita tena. Kwa kweli nilisikia moyo wangu. Mboloko akatokea, masikio mbele, mguu mmoja juu, karibu sana hata niliona pua yake inatetemeka. Ndipo tone la maji likaniingia shingoni, na mimi kama mtu wa mjini nikavuta kola. Ile kola inafungwa na kile kitambaa cha kushikana, kinacholia kraaa ukikiachanisha. Mboloko hakungoja kuuliza. Mujomba alikaa chini akacheka mpaka machozi, lakini muzee Mumbuti hakucheka. Siku ile nyumbani kwake walikula sombe peke yake, na nyama ile ilikuwa ya wajukuu.

Nisiitukane koti bure. Miiba haikuipita. Mifuko yake ilibeba tumbaku, kisu na tochi bila kuanguka. Asubuhi kwenye baridi nilishukuru. Lakini mvua ilipopiga, ilikunywa maji kama mto wa kulalia, ikawa na uzito wa mtoto mdogo mgongoni, na siku mbili juu ya moto haikukauka. Shati ya mujomba ilikauka mwilini mwake kabla ya kufika nyumbani.

Jioni tulikaa kwa moto nikauliza: zamani waliwinda na nguo gani? Muzee Mumbuti alieleza na mikono kuliko na mdomo. Nguo yao ilikuwa murumba, nguo ya gome. Wanaume wanachagua mtini wa pori, wanavua gome, wanatoa ile ngozi ya ndani, wanailainisha na maji na kuipiga juu ya gogo kwa nyundo ya mti, zamani hata ya pembe ya tembo, ile yenye mistari iliyokatwa usoni. Wanapiga pole pole mpaka inapanuka mara nyingi kuliko ilivyokuwa na inakuwa laini. Halafu wamama wanaichora kwa vidole na vijiti, kwa maji ya tunda la gadenia yaliyochanganywa na makaa: mistari, nukta, matawi, njia za wadudu. Siku hizi michoro ile imetundikwa katika nyumba za makumbusho za Ulaya na Marekani, na ndugu zetu wa Uganda, nguo yao ya gome UNESCO iliitangaza mwaka 2005 kuwa urithi usioshikika wa binadamu. Kwetu, muzee alisema, wajukuu wake hawajui hata mti gani wa kuvua. Nyundo yake iko, iko juu ya dari, inakula moshi.

Nilimuuliza kama michoro ile ilikuwa ya kujificha. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kama wimbo ni wa kufukuza inzi. Hapana. Ilikuwa ya uzuri, ya kucheza, ya watoto na sherehe. Kujificha hakuko kwenye nguo. Kujificha ni kusimama upande upepo unakotokea kwa mnyama kuja kwako, na kukaa bila kuhema. Na kabla ya kwenda pori wanawasha moto wa uwindaji chini ya mti, moshi unapita juu ya watu. Mimi naona, zaidi ya maana yake ya heshima kwa pori, ule moshi unafunika harufu ya mtu pia. Lakini muzee hakusema hivyo, ni mimi ninayesema.

Wataalamu wanakubaliana naye kwa sehemu kubwa. Jicho la wanyama wa jamii hii halioni nyekundu na rangi ya chungwa kama sisi, kwao zinafifia. Wanachokamata upesi ni mwendo, tena pua na masikio yao yanafika kabla ya macho. Na kulungu wa Marekani, waliochunguzwa macho yao, wanaona bluu vizuri kuliko sisi. Basi sabuni zetu zenye dawa ya kung'arisha nguo zinaweza kufanya koti ya majani iwake machoni mwa mnyama, kama taa. OMO yangu ile! Na jambo la kuchekesha zaidi: katika majimbo mengi ya Marekani, mwindaji wa kulungu kwa bunduki analazimishwa na sheria avae kizibao cha rangi ya chungwa kali juu ya koti yake ya majani, ili mwindaji mwenzake asimpige risasi. Anajificha kwa mnyama, anajionesha kwa mtu.

Sisi hatukuwaza upande huo wa pili. Niliacha koti kwa mujomba nikarudi Mudzipela.

Tarehe 24 mwezi wa sita 2012, watu wa Mai-Mai Simba wa Morgan walishambulia kituo cha hifadhi ya okapi kule Epulu. Waliua watu 6, pamoja na walinzi wa hifadhi, na okapi wote 14 waliokuwa wanafugwa pale. Epulu ni mbali na Lolwa, lakini hofu inakwenda na pikipiki. Barieri ziliongezeka. Kila kijana aliyetoka pori alitazamwa mara mbili.

Wiki mbili tatu baadaye mvua ilikuwa inanyesha asubuhi, na mtoto wa mujomba alikuwa anapeleka ndizi barabarani. Alichukua koti ile sababu ya baridi tu. Kwenye barieri moja, watu wenye silaha, sitasema ni wa nani, waliona majani yale. Kwao jani, doa, tashtashi, ni kitu kimoja: raia hana ruhusa. Walimvua, wakampiga, wakamuuliza wenzake wako wapi. Alisema ni nguo ya kuwindia iliyotoka Bunia. Walicheka. Siku nne alikuwa ndani. Mujomba aliuza mbuzi wawili, na mimi nilituma dola 60 nilizokopa. Alitoka na sikio moja ambalo mpaka leo halisikii vizuri. Mwindaji mwenye sikio moja, fikiri.

Kilichoniumiza zaidi ni kwamba mimi nilipaswa kujua. Mimi ni mtu wa Mudzipela! Mwezi wa tano 2003, jeshi la Uganda lilipotoka na mji ukawaka, mama alitoa sandukuni koti ya mvua ya baba, ya kijani tu, bila doa hata moja, akaichoma nyuma ya jikoni. Baba alikasirika, ilikuwa nguo yake ya Kisangani ya ujana. Mama akamwambia: "Kufa kwa baridi ni pole pole." Siku zile mtu aliulizwa kwa sura, kwa lugha, na kwa nguo. Tuliponyoka mpaka wale askari wa Ulaya wa Artemis walipofika mwezi wa sita. Nilikuwa kijana mkubwa, niliona moshi wa koti ile kwa macho yangu. Miaka tisa baadaye nilisimama sokoni nikasahau, sababu majani yalikuwa yamechorwa vizuri.

Kwa mujomba nako hawakusahau. Mwisho wa 2002 watu wa tenu walipita upande wa Mambasa, na Wambuti waliteseka kuliko wote. Nilipokwenda kuomba radhi, muzee Mumbuti aliniambia kwamba siku ya mboloko hakunyamaza kwa sababu ya kelele peke yake. Kutembea mbele ya mtu aliyevaa vile kulimwasha mgongo.

Koti haikurudi. Nadhani mtu anaivaa hata sasa.

Mujomba hakuchukua malipo ya mbuzi zake. Alisema kama ninataka kumvalisha, nimtafutie nguo ya mtu aliyeivaa sana. Nilitafuta nyumbani nikapata shati moja ya marehemu baba, rangi ya kahawa, iliyofuliwa miaka mingi mpaka haitoi sauti hata ukiikunja sikioni. Niliisuuza na maji ya mto bila sabuni, nikaitundika jikoni kwa mama wiki mbili juu ya moshi, nikaipa dereva wa Mambasa. Baada ya siku kumi mujomba akapiga simu. Hakusema asante. Aliuliza kama baba aliacha ingine, sababu ile ya kwanza muzee Mumbuti amekwisha kuichukua.