Ubishoo wangu ulivyopwelewa Mto Pangani

Msomaji, kama nawe ni mtoto wa mjini unayejidai kujua kila kitu, kaa vizuri nikupe stori.

Julai 2018 sikuwa na kazi. Ofisi niliyokuwa nafanya ilitupunguza, na mwenye nyumba wangu Kariakoo alishaanza kunisalimia kwa jicho. Ndipo mjomba akaniita Pangani nikamsaidie chombo. Magoti yake yalikuwa yamekwisha, na mwanawe wa kiume hakuna. Chombo chenyewe mashua ya mlingoti mmoja, tanga lina viraka kama suruali ya fundi gereji, mashine hakuna. Tupande mto hadi kwenye minazi, tupakie nazi, tuwahi Fuso la mnunuzi kabla jua halijazama. Hela hiyo ilikuwa ada ya chuo ya binamu yangu wa kike.

Asubuhi nikashangaa tumekaa tu. Upepo upo, tunangoja nini?

"Tunangoja maji, mjomba," alinijibu. (Kwetu mjomba naye hukuita mjomba.)

Kumbe maji ya bahari yakijaa huingia mlangoni na kuusukuma mto urudi ulikotoka. Ukitaka kupanda, panda mgongoni mwake. Yalipoanza kujaa tukatweka tanga, kusi ikatushika kwa nyuma, tukapita pantoni ya Bweni mimi nikipunga mkono kama rais.

Juu zaidi mto unakunjakunja. Mjomba akanifundisha: kwenye kona kilindi kiko upande wa nje, mchanga hujilaza upande wa ndani. Ukiona mikoko imekuziba upepo, teremsha foromali, shika upondo, sukuma. Akaniambia maji haya yametoka Kilimanjaro na Meru, yamesafiri kama kilomita 500, na njiani yamezungusha mitambo ya umeme ya Hale tangu 1964 na ile mpya ya Pangani tangu 1995. "Redio yako ya Dar inaimba kwa maji haya," akasema. Nikaitikia kama mtu anayesikiliza.

Saa saba mchana tukageuza, nazi zimejaa hadi kwenye mabenchi. Maji yalishaanza kupwa, yanatubeba yenyewe. Mjomba akanipa usukani na neno moja: tanga lilale, twende na maji.

Mimi nikataka kuingia mjini tanga likiwa juu, watu wanione. Alipoinama kupanga nazi nikalitweka. Kona ya kwanza nikaikata kwa ndani ili nifupishe njia. Kusi ikaingia kwa ubavu, foromali ikanasa kwenye mkoko, na mashua ikapanda fungu la mchanga kwa mlio ambao mpaka leo nausikia nikila mchicha wenye mchanga.

Nikavua viatu nishuke kusukuma. Mjomba akaninyooshea kidole ukingoni, kwenye alama ya tumbo la mamba kwenye matope. Nikavaa viatu.

Msomaji, chombo kikipwelewa hakuna simu ya kupiga. Ilikuwa saa nane. Maji yaliondoka mbele ya macho yetu mpaka mashua ikalala ubavu. Fuso likaondoka bila sisi. Nilingoja matusi, nilikuwa nayastahili. Mjomba alivunja nazi, akanipa nusu, akasema, "Kula. Maji hayakimbii, yanarudi."

Hilo neno lilinichoma kuliko tusi. Miezi minne nilikuwa nazunguka Dar na shati la kazini, nikiwaambia washikaji niko likizo. Tanga juu, chini mchanga mtupu.

Kiza kilipoingia nikapanda mlingoti, nikanasua foromali kwenye matawi na kulikunja tanga bila kuambiwa. Saa mbili na nusu usiku maji yakatunyanyua taratibu. Mjomba hakuusogelea usukani. Alikaa omo, ameninyamazia, nami nikashika kona za nje moja baada ya nyingine hadi taa za Pangani.

Nazi ziliuzwa siku tatu baadaye, na tulilaliwa bei. Pengo la ada nililijaza kwa kuuza redio yangu, ile ile inayoimba kwa maji ya mto. Nikawapigia washikaji nikawaambia ukweli: sina kazi, nafundishwa mashua.

Walicheka. Sikuwahi kulala vizuri kama usiku ule.