Tabora kwa Miguu, Kisha Kibuyu cha Asali

Wenzetu wa Ulaya na Marekani wana mtindo wao wa wikiendi. Asubuhi wanapanda mlima, jioni wanashukia kwenye kiwanda kidogo cha bia kilichopo kijijini, wanaonja kinachopikwa pale pale na kumsikiliza mpishi akieleza. Huku kwetu ukitaja mambo hayo, watu wanakimbilia Moshi: matembezi ya Marangu, halafu mbege. Hakuna ubaya. Lakini kama wewe na mwenzio mmeshafika Moshi mara mbili na Zanzibar mara tatu, na picha zenu zote zina bahari nyuma, safari hii geuzeni macho magharibi. Twendeni Tabora.

Tuambiane ukweli mapema: Tabora haina mlima wa kujitapa nao. Mji upo kwenye uwanda wa juu, kama mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, umezungukwa na vilima vya mawe na misitu ya miombo. Ilicho nacho Tabora ni njia, tena njia ambayo watu waliitembea kwa miguu kabla babu zetu hawajazaliwa.

Njia yenyewe

Katika karne ya 19 misafara ilitoka Bagamoyo ikapita Mpwapwa na Kilimatinde, ikaingia Unyanyembe, yaani Tabora ya leo, kisha ikaendelea hadi Ujiji, Ziwa Tanganyika. Ni kama kilomita 1,200 kwa jumla. Burton na Speke walifika hapa, wakati huo wakipaita Kaze, mwezi Novemba 1857. Kiongozi wao wa kutegemewa alikuwa Sidi Mubarak Bombay, mtu aliyeuzwa utumwani akiwa mtoto, ambaye baadaye alitembea pia na Stanley na Cameron. Ukihesabu hatua zake, wale wazungu maarufu wanaonekana walikuwa wanajaribu tu.

Wanyamwezi ndio waliokuwa mabingwa wa kazi hiyo. Mpagazi mmoja aliweza kubeba frasila mbili, karibu kilo 32, akiwa na mkeka wake na chungu chake juu yake. Wengi walikuwa wafanyakazi wa kulipwa na walijua thamani yao. Wakiona malipo hayaeleweki, walitua mzigo. Wanawake nao walikuwemo, wakitembea na vyombo vya kupikia na watoto mgongoni. Na kwenye njia hiyo hiyo walipitishwa mateka waliofungwa shingoni. Hilo nalo ni lazima lisemwe, maana hatuendi kufanya sherehe juu ya makaburi. Mwaka 2006 Tanzania iliiweka njia hii kwenye orodha yake ya awali ya UNESCO, na vituo vilivyotajwa ni sita: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Cha kwenu nyinyi ni Kwihara.

Siku ya kwanza: Kwihara

Kwihara ipo kama kilomita sita kusini magharibi mwa mji. Kwenda na kurudi ni kumi na mbili, umbali ambao mtu anayekaa ofisini kutwa anaumudu bila kuitana majina mabaya. Ondokeni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla jua halijawa kali. Tafuteni kijana mwenyeji wa kuwaongoza, patana naye bei kabla hamjapiga hatua. Njia ina miembe, mashamba ya karanga na muhogo, na baiskeli zilizobeba mkaa.

Salimieni watu. "Mwangaluka" ni salamu ya asubuhi ya Kinyamwezi, na ukiisema vibaya watacheka, watakusahihisha, na hapo hapo umepata marafiki. Mwenzio kama ni Mzaramo, ajiandae: utani wa Wazaramo na Wanyamwezi ni wa tangu enzi za misafara, na hapa hausamehewi mtu.

Kwihara kuna tembe, nyumba ya kuta nene za udongo, iliyojengwa upya mahali walipokaa Livingstone na Stanley. Walifika pamoja tarehe 18 Februari 1872. Stanley akaondoka tarehe 14 Machi kurudi pwani, na yule mzee akabaki akisubiri wapagazi hadi tarehe 25 Agosti. Zaidi ya miezi mitano! Sisi tukichelewa kujibiwa meseji dakika kumi tu, tunaanza kuuliza "uko na nani?" Kaeni kwenye kivuli pale, zimeni simu, mpeane swali hili: wewe ukinisubiri, huwa unasubiri vipi? Kwa hasira, kwa ukimya, au kwa kuendelea na kazi zako? Ni swali dogo, lakini wapo waliooana miaka saba hawajawahi kuulizana.

Livingstone alifariki mwaka 1873 katika nchi ambayo leo ni Zambia. Chuma, Susi na wenzao wakaubeba mwili wake kwa miguu, wakapita tena hapa Unyanyembe, mpaka Bagamoyo. Ukilijua hilo, maneno "nitakuwa nawe mpaka mwisho" unayasema kwa uangalifu zaidi.

Jioni: wanzuki

Sasa kiu. Bia ya chupa ipo kila kona, lakini hamkusafiri mpaka huku kwa ajili hiyo. Kinywaji cha kuulizia Tabora ni wanzuki, pombe ya asali. Asali inachanganywa na maji ya vuguvugu, inatiwa chachu iliyobaki kwenye pishi la nyuma, halafu inaachwa mahali pa joto ichache. Ikiwa changa ina utamu na inachezacheza ulimini. Ikikaa, utamu unapungua na nguvu zinapanda, na hapo ndipo mgeni anaposema "mbona kama juisi?" halafu anashindwa kusimama. Ipo pia pombe ya mtama: nafaka inaloweshwa ioteshe kimea, inaanikwa, inasagwa, inapikwa na kuachwa ichachuke. Nzito, karibu na uji, inashibisha.

Tatizo ni moja. Siku hizi wanzuki nyingi inapikwa kwa sukari, kwa sababu sukari inanunuliwa dukani na asali inataka mzinga, nyuki na msitu. Kwa hiyo uliza. Muulize mama mpishi kwa heshima, "Shikamoo mama, hii ni ya asali au ya sukari?" Mpishi mwenye asali yake hatakasirika, atakuonyesha. Kwa desturi mwenye pombe huonja kwanza mbele ya mgeni, nawe usione ajabu. Na gongo, hata ikisifiwa vipi, iache. Imepigwa marufuku kisheria, na iliyopikwa vibaya inaua au kupofua.

Kama mmoja wenu hanywi, kwa dini, kwa dawa au kwa ujauzito, hakosi kitu. Tabora ina Waislamu wengi na hakuna atakayekushangaa. Agiza asali mbichi na michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa juani, pamoja na karanga. Msimu wa mvua kuna uyoga wa porini ambao ukipikwa na karanga utasahau nyama.

Siku ya pili: msituni

Asubuhi inayofuata fuateni asali inakotoka. Tabora ina chuo cha ufugaji nyuki, na ni mahali pazuri pa kuanzia kuuliza nani anaweza kuwapeleka kwenye mizinga. Mingi ya kienyeji ni magogo yaliyochongwa au magome ya mti, yananing'inizwa juu. Miombo huchanua kwa zamu, na ndiyo sababu asali ya huku hubadilika rangi na ladha kulingana na msimu.

Hapa ndipo safari inapoacha kuwa starehe peke yake. Tabora ni mkoa wa tumbaku pia, na tumbaku ya mvuke hukaushwa kwa moto wa kuni. Ongezeni mkaa mnaokutana nao barabarani, mtaelewa kwa nini wanzuki ya asali inazidi kuwa adimu. Mti ukikatwa, mzinga unakosa pa kuning'inia na nyuki anakosa ua. Shilingi mtakazolipa kwa mrina asali na kwa mama mpishi ni sababu mojawapo ya mti kuachwa umesimama. Msipunguze bei mpaka mtu ajute kuwafahamu.

Ya kuzingatia

Kufika: kuna ndege, mabasi kupitia Dodoma na Singida, na treni ya reli ya zamani. Reli ilifika Tabora mwaka 1912, na bado stesheni ni njia panda ya Kigoma, Mwanza na Mpanda. Wapenzi wenye muda wachague treni. Hakuna pa kukimbilia, lazima mtaongea.

Wakati: Juni hadi Agosti kuna ubaridi mzuri wa asubuhi. Septemba na Oktoba joto ni kali, ila majani mapya ya miombo huwa mekundu, na picha zake zitawaumiza wenzenu roho. Maembe huanza kuiva kuelekea mwisho wa mwaka.

Bebeni: maji lita mbili kila mmoja, kofia, viatu vilivyokwisha kuvaliwa na nguo za mikono mirefu kwa ajili ya wadudu. Dawa ya mbu msisahau. Msipige picha majengo ya jeshi.

Kunywa: tembeeni kwanza, kuleni, ndipo mnywe. Anayeendesha hanywi, na bodaboda aliyelewa haumpandi hata akiwa binamu yako.

Mkirudi, nunueni lita moja ya asali kwa mrina mwenyewe. Iwekeni mezani, si kabatini. Siku mtakayonuniana, mmoja amkorogee mwenzie chai kwa kijiko chake, halafu aanze yeye kuongea.