Mgeni na Jembe

Katika kazi za hiari hakuna iliyo nzito kuliko kufundisha mtoto wa mtu mwingine katika nchi ya watu wengine. Atoaye fedha huweza kutoa akaenda zake, na fedha isimwulize atarudi lini. Lakini mtoto aliyefundishwa herufi moja hungoja ya pili. Kwa hiyo, mtu asafiriye ng'ambo kwa ajili ya dini yake ili afundishe watoto, yafaa apimwe si kwa wema wa nia yake tu, bali pia kwa urefu wa kukaa kwake na kwa kile kisaliacho nyuma yake.

Mimi ni mzaliwa wa Miembeni, katika mji wa Bukoba. Utotoni mwangu walitujia wageni vijana kutoka ng'ambo, wakatufundisha shule ya Jumapili kwa majuma machache. Walikuwa wapole na wakunjufu. Walitufundisha nyimbo, majina ya rangi, na kuhesabu moja mpaka kumi kwa Kiingereza. Mwaka uliofuata walikuja wengine, nao wakaanza tena na rangi na moja mpaka kumi. Sisi tulikuwa tumekwisha kuyajua hayo, lakini wazazi wetu walikuwa wametuonya kuwa si adabu kumwambia mgeni kwamba zawadi aliyoileta unayo. Basi tulijifanya hatujui, tukajifunza upya, na wageni wakarudi kwao wenye furaha. Simkumbuki hata mmoja kwa jina, wala sidhani kuwa wao wanayakumbuka majina yetu. Mapenzi yalikuwapo, kilichopungua ni muda.

Wako waliotoa muda huo katika nchi yetu. Kabla wamisionari wa Bethel hawajafika Bukoba kutoka Ujerumani mwaka 1910, Wahaya waliojifunza kusoma Buganda walikuwa wamekwisha kurudi na vitabu vya Kiganda, wakawakusanya wenzao na kuwafundisha. Hawakuvuka bahari, wala hawakuwa na tarehe ya kuondoka, kwa kuwa walikuwa nyumbani.

Aliyevuka bahari akakaa ni Barbro Johansson, mwalimu wa Kiswidi aliyezaliwa mwaka 1912. Alikuja Tanganyika kwa kazi ya misioni mwaka 1946, akaiongoza shule ya wasichana ya Kashasha wakati ambao wazazi wengi waliona shuka na jembe vyamtosha binti. Hakuishia darasani. Mwaka 1959 aliingia katika Baraza la Kutunga Sheria kwa upande wa TANU, na baada ya uhuru akachukua uraia wa nchi aliyokuja kuifundisha. Baadaye aliongoza shule ya wasichana ya Tabora. Watu walimwita Mama Barbro, na wenyeji hawampi mpita njia jina la mama. Alifariki mwaka 1999, na shule moja ya wasichana mjini Dar es Salaam inaitwa kwa jina lake.

Ajabu ni kwamba walimwengu wanaijua Kashasha kwa jambo jingine. Tarehe 30 Januari 1962 wasichana watatu wa shule hiyo walishikwa na kicheko kisichozuilika. Kikaenea mpaka wakapatwa 95 katika 159, na shule ikafungwa mwezi wa Machi. Habari hiyo imezunguka dunia, na miaka ya kufundisha haikuzunguka nayo. Ndivyo ilivyo: jambo la siku chache huonekana upesi, na la miaka mingi hukaa kimya kama mzizi.

Juzi mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa ni mwalimu wa shule ya msingi Bukoba, alinijia kutaka shauri. Kanisa lake limemwita aende Ulaya mwaka mmoja kufundisha watoto. Safari imegeuka: mwana wa waliofundishwa anakwenda kufundisha. Nilimwambia kuwa si kila mtu amejaliwa kutoa umri wake wote, na kwamba hata mwaka mmoja huweza kufaa kwa masharti matatu: ajifunze lugha ya watoto hao kabla ya kuwafunza lolote, amwulize mwalimu wa pale darasa limefika wapi, na aandike katika daftari mahali alipoishia, ili ajaye baada yake asianze tena na moja mpaka kumi.

Alinisikiliza, kisha akasema, "Shauri lako nimelipokea, Mwalimu, lakini hawa wangu arobaini wa hapa namwachia nani?"

Swali hilo sikuweza kulijibu kwa niaba yake, na lastahili kuulizwa na kila aendaye. Hapana mwalimu atokaye mahali pasipo na watoto.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengi hudhani ni neno la kumchoka mgeni. Mimi naliona ni neno la kumheshimu, kwa kuwa jembe hapewi mtu ila aliyehesabiwa kuwa wa nyumba ile. Aondokaye siku ya pili hupewa chakula, nyimbo na kwaheri nzuri. Shamba halimjui.