Kamba ya Makumbi

Jumamosi, 12 Oktoba 2024

Tumefika Jambiani. Baba hakutapika kwenye boti, alhamdulillahi. Kutoka mjini hakusema neno mpaka Jozani, dereva alipopunguza mwendo kima punju wavuke barabara. "Wana mikia mirefu," akasema. Naandika hapa kwa kuwa ndilo neno lake la kwanza tangu alfajiri.

Ngazi nne za kuingilia chumbani, hazina pa kushikia. Nilipopiga simu niliuliza mara mbili. Wakaniambia hakuna ngazi. Nimempandisha polepole, mhudumu mmoja kijana akaja bila kuitwa akasimama nyuma yake, akanyoosha mikono tu bila kumgusa. Mungu amjalie kijana yule.

Jumapili, 13 Oktoba

Maji mafu. Bahari haiendi mbali, hairudi karibu. Baba barazani tangu chai, mkono wa kushoto ndani ya mfuko wa koti. Koti, na joto hili.

Asubuhi nilimfungua vidole kwa maji ya uvuguvugu, kimoja kimoja, gumba mwisho. Akawa anatazama ukuta. Mpira wa mazoezi hautaki tena. "Kufumba naweza. Nifumbe nini zaidi?"

Sikuwa na jibu. Nimeurudisha mpira ndani ya begi.

Jumatatu, 14 Oktoba

Miaka 25 leo tangu Mwalimu atutoke. Redio ya jikoni inatoa hotuba zake tangu asubuhi, na Baba amesogeza kiti upande wa jikoni. Amesogeza mwenyewe! Nikaona nimwache asikilize.

Nikaenda kwenye mafunzo ya kamba. Imeandikwa ubaoni pale mapokezi, saa tisa alasiri, chini ya mkungu. Wanawake wawili kutoka Italia na mimi. Bibi anayefundisha amekaa juu ya jamvi, miguu ameinyoosha, kando yake kitita cha usumba wa rangi ya dhahabu, umeoshwa, umekauka. Nilidhani kusokota ni kusokota. Kumbe unachukua nyuzi kidogo, unaziweka mafungu mawili juu ya kiganja, yasigusane, halafu kiganja cha pili kinapita juu yake kwenda mbele. Kila fungu linajisokota lenyewe, na ukilegeza kidogo yanarudi kukumbatiana kwa upande wa pili. Hapo ndipo kamba inazaliwa. Ncha umeibana kwa kidole gumba cha mguu. Nyuzi zikikaribia kwisha unaongeza nyingine, lakini mafungu yote mawili yasiishie mahali pamoja, maana kamba itakatikia papo hapo.

Yangu ilijaa mafundo. Nilikuwa nakunja vidole. Bibi akanigonga mkononi, taratibu: "Fungua mkono, mwanangu. Kamba haisokotwi kwa ngumi."

Viganja vinaniwaka hadi sasa, saa nne usiku. Fungua mkono. Silali.

Jumanne, 15 Oktoba

Nimeharibu. Nilimwambia Baba habari za kamba kwa shauku mno, akaelewa mara moja ninakotaka kufika. "Mimi si mtoto wa chekechea." Nikamjibu. Sitaandika nilichomjibu.

Nimefungulia bomba bafuni ili asinisikie.

Chakula cha jioni kimya. Samaki nimemchambulia miiba, akala upande wenye miiba. Yaani alichagua ule ambao sijaugusa.

Jumatano, 16 Oktoba

Kipande changu cha kamba nilikiacha mezani, si kwa makusudi. Au labda kwa makusudi. Nikatoka kuoga nikamkuta amekishika kwa mkono wa kulia, amekisogeza kwenye mwanga, anakivuta kwa meno.

"Imelegea."

"Ndiyo, Baba."

"Ulisokota kwenda upande gani?"

Nikamwonyesha. Akanieleza habari za nyuzi, robo saa nzima! Kwamba uzi wa cherehani una upande wake wa msokoto, ukiwekewa wa upande mwingine mashine inaufumua wakati inashona, unaanza kuchanika mpaka unakatika, na fundi mchanga analaumu sindano. Kwamba zamani, enzi za ushonaji wake, akinunua uzi alikuwa anauzungusha kwanza kati ya vidole kabla ya kutoa pesa. Alipofika hapo kwenye vidole akanyamaza. Ila kipande hakukirudisha mezani. Amekitia mfukoni, mfuko ule ule.

Mwezi karibu unajaa. Maji yameanza kwenda mbali.

Alhamisi, 17 Oktoba

Niandike yote kabla sijasahau.

Bamvua. Saa nne asubuhi bahari ilikuwa imepwa mpaka unaona kama unaweza kutembea hadi kwenye mwamba. Bibi alikuja kuniita: leo anafukua makumbi yake, kama nataka kuona kamba inapotoka. Nikaenda. Kina mama wengine wako mbali kwenye mwani. Bibi anasema mwani waliupokea ukubwani, 1989, lakini makumbi waliyakuta kwa bibi zao.

Kila mwanamke ana shimo lake na rundo lake la mawe juu, mawimbi yasiyachukue. Mimi naona mawe matupu, yeye akaenda moja kwa moja kwenye lake. Miezi sita yamelala humo. Yakitoka ni meusi, na harufu, ya Rabi, kama mayai yaliyooza. Ile nyama laini ya kumbi ndiyo imeoza, nyuzi zimebaki. Unaliweka juu ya jiwe unalipiga gongo, maji meusi yanatoka, unapiga tena, na kidogo kidogo rangi ya dhahabu inaanza kuonekana. Usumba ule msafi wa chini ya mkungu hausemi lolote kuhusu kazi hii. Mgongo wangu ulikufa baada ya makumbi sita. Yeye ana umri wa Baba.

Nikainua uso, Baba amesimama mchangani. Ameshuka ngazi nne. Bakora mkono wa kulia. Kijana wetu yule yule nyuma yake, hatua tatu.

"Shikamoo, mzee wangu," Bibi akamwamkia, na hapo hapo akamnyooshea ncha ya kamba aliyokuja nayo ya kufungia mzigo. "Nishikie hapa, inanikimbia."

Mkono uliokuwa huru ni wa kushoto. Baba akautoa mfukoni.

Akashika. Bibi alifunga mzigo wake bila haraka, na alipomaliza, vidole vya Baba vikagoma kuachia. Nikaanza kwenda. Bibi akanitazama jicho moja tu, nikasimama. Akakaa juu ya jiwe lake, akaanza kumuuliza habari za Tanga, bei ya nazi huko, akasubiri. Sijui ni dakika ngapi. Vikaachia.

Miezi mitano mimi ndiye ninayevifungua vidole vile. Sijawahi kusubiri.

Ijumaa, 18 Oktoba

Amekwenda msikitini. Kijana alimsindikiza, sikuambiwa nije.

Alasiri akaomba usumba. Nikampa, nikachukua kitabu nikakaa nacho nje, ukurasa mmoja saa nzima. Kiganja cha kushoto ameking'ang'aniza juu ya paja, kimekunjamana nusu, kinatetemeka. Cha kulia ndicho kinachokwenda. Kila baada ya muda anakibonyeza kile cha kushoto kwa kisigino cha mkono wa pili mpaka kinyooke, anaanza upya. Ametukana mara moja. Kwa Kidigo! Sijamsikia akitukana kwa Kidigo tangu Mama yupo.

Shubiri moja na nusu. Imekazana kuliko yangu.

Asubuhi ya leo, sikusema juu, nilileta beseni la maji ya uvuguvugu nikaliweka, nikatoka.

Jumamosi, 19 Oktoba

Bibi ametuletea kitita, hataki pesa. Nimempa kanga yangu mpya, akapokea. Baba akamwambia atamletea kipande kikifika dhiraa mbili, akikague. Akaahidi hivyo, kwa sauti ya dukani, sauti ya "njoo Jumatano nguo iko tayari."

Sasa tuko kwenye boti. Mawimbi si haba. Mpira nimeukuta chini ya begi, nimeuacha huko huko. Baba amenisogezea magoti: "Nibanie ncha hapa, mguu haufiki."

Naandika kwa mkono mmoja.