Nani Kashinda, Mwaka Gani?

Huku Tampere nina mwenzangu wa zamu za usiku katika nyumba ya wazee, Mfini, ambaye ukimpigia wimbo wowote atauliza kwanza ulirekodiwa mwaka gani na hilo ni toleo lipi. Kule Isaka, Usukumani nchini Tanzania, nina binamu yangu, mtoto wa mjomba, anayewaingizia watu nyimbo kwenye memori kadi karibu na stendi. Yeye ukimpigia wimbo huohuo atauliza: nani kashinda? Kila mmoja analiona swali la mwenzake kuwa la kijinga, na kazi ya kuwapatanisha imebaki kwangu.

Chanzo cha yote ni metali. Nasemea ile ya pembeni kabisa, deth metali na blaki metali, bendi za vijana watatu au wanne wa mji mdogo wenye theluji waliotoa kanda moja, pengine albamu moja, kisha wakarudi kwenye kazi zao. Ufini haifikishi watu milioni 6, lakini bendi za aina hiyo hazihesabiki. Metali kwao si jambo la kujificha: mwaka 2006 nchi ilishangilia Lordi, wanamuziki waliovaa kama mazimwi, walipotwaa ushindi wa Eurovision, na kuna Hevisaurus, bendi ya metali ya watoto ambayo wanamuziki wake hupanda jukwaani wakiwa dinosaria. Mwenzangu hazitaki zote mbili. Anakitaka kile ambacho jirani yake hajakisikia. Fulana zake zina majina ya bendi yasiyosomeka, kama matawi ya mgunga yaliyosukwa, na wazee tunaowahudumia humuuliza kila siku pameandikwa nini.

Yeye ndiye aliyeniazima *Nespithe*. Hiyo ni albamu ya Demilich, bendi ya Kuopio, iliyotoka mwaka 1993. Gitaa zake zinapinda na kukatika pale usipotarajia, na mwimbaji, Antti Boman, hutoa sauti kutoka chini kabisa ya koo, pale ambapo watu wengine hucheulia. Kwenye kijitabu cha albamu waliandika waziwazi kwamba hakuna mtambo uliotumika kuigeuza sauti hiyo. Bendi ikavunjika muda mfupi baadaye. Lakini watu waliendelea kuitafuta, kuinakili, kubishana juu yake, hadi mwaka 2014 lebo ya Svart ya mjini Turku ikakusanya kazi zao zote na kuzitoa upya kwa heshima zote.

Nilimtumia binamu yangu kipande. Akajibu kwa sauti, huku nyuma yake honi za bodaboda zikisikika: "Dada, huyu kameza chura mzima?" Akacheka mpaka akakohoa. Kisha, kwa sauti ya mtu wa kazi: "Haya, alishindana na nani?"

Swali lake lina ukoo mrefu. Usukumani muziki mkubwa ni wa pande mbili. Katika karne ya 19 waganga wawili, Ngika na Gumha, walianzisha ushindani ambao wajukuu wa wajukuu zao wanaucheza hadi leo: Bagika na Bagalu. Baada ya mavuno, vikundi viwili vinaingia uwanja mmoja na kucheza kwa wakati mmoja, kila kimoja na ngoma zake na manju wake, yaani kiongozi wa nyimbo, na watazamaji ndio mahakama. Wanapokimbilia, ndiko ushindi uliko. Ndiyo maana kila upande huja na vituko vya kuvuta macho, wengine na machatu, na kila upande huwa na dawa ya kuvuta watu. Hakuna jopo la majaji, hakuna alama. Ukibaki unacheza mbele ya nyasi tupu, hakuna wa kukueleza kwamba umeshindwa.

Sasa mweleze mtu aliyekulia hapo kwamba kuna bendi bora ambayo fahari ya mashabiki wake ni kuwa hawazidi wachache. Binamu yangu alidhani namtania. Kwake mwimbaji asiyejulikana ni mwimbaji aliyeshindwa, basi. Na hapo mimi humuunga mkono kwa kiasi, kwa sababu nimewaona huku watu wanaoitupa bendi waliyoipenda siku tu inapopata wasikilizaji. Nimemwona mtu akilipa fedha ya kodi ya nyumba ya mwezi kwa santuri ambayo muziki wake upo bure kwenye simu yake. Wasukuma nao wana siri, tena nzito, lakini wanachokificha ni dawa. Manju hafichwi.

Ila nisiwaonee Wafini. Wafini ni watu wa upole wa kuogofya. Mtu akishakujua ni mgeni, atakubaliana nawe kwa kila jambo: hali ya hewa, chakula, siasa za kwenu asizozijua. Unaweza kukaa miaka huku bila mtu kukubishia, na kwa mtoto wa Isaka hilo ni sawa na kutosalimiwa. Kisha usiku mmoja, tukinywa kahawa baada ya kuwageuza wazee vitandani, nilisema kwamba *Drawing Down the Moon* ya mwaka 1993 ndiyo albamu ya kwanza ya Beherit, ile bendi ya Rovaniemi kule kaskazini. Mwenzangu akaweka kikombe chini. Akasema hapana, ya kwanza ni *The Oath of Black Blood*. Nikamwambia ile si albamu, ni rekodi za awali ambazo lebo ilizikusanya na kuziuza zikiwa na jalada moja. Akasema kilichouzwa kama albamu ni albamu. Nikasema mtoto hahesabiwi amezaliwa kwa sababu jirani katangaza. Alinyanyua sauti. Mfini, saa tisa usiku, kwenye korido ya wazee waliolala! Asubuhi nilipanda basi nikiwa na furaha ambayo sikuipata hata siku niliyopewa kibali cha kudumu cha kuishi.

Nyumbani mambo yamekwenda kinyume. Zamani pale Isaka nilibishiwa na kila mtu, kuanzia bibi hadi muuza karanga. Siku hizi nikienda likizo, nikisema mvua itanyesha wanaanika michembe ndani. Anayetuma ada na fedha za bati hapingwi. Shangazi zangu, ambao hawakuwahi kukubaliana na yeyote, wananiitikia "ni kweli, mwanetu" hata ninapotaja bei ya mpunga ambayo ni wazi siijui. Amebaki binamu yangu peke yake, na yeye anabisha kwenye muziki tu, kwa kuwa hapo anajua fedha zangu hazina kazi.

Mjomba habishi, anakemea. Ni katekista, na picha moja ya jalada ilimtosha. "Mwanangu, huo ni muziki wa shetani," alisema, na sikuona sababu ya kumcheka. Kule Norwei mwanzoni mwa miaka ya 1990 makanisa yalichomwa kweli. Varg Vikernes wa Burzum alihukumiwa mwaka 1994 kwa kumuua mwanamuziki mwenzake, Øystein Aarseth wa Mayhem, na kwa kuchoma makanisa. Wapo pia wapiga blaki metali wanaoshabikia Unazi, na hao mimi siwasikilizi hata wakipiga vizuri namna gani. Mwenzangu ana nadharia yake kwamba rekodi ni kitu kimoja na aliyeirekodi ni kitu kingine. Ni nadharia ya mtu ambaye mwimbaji haishi mtaani kwake. Isaka huwezi kumtenga manju na mkono wake. Kesho utakutana naye kisimani au msibani.

Lakini nilimweleza mjomba jambo lingine pia. Tangu mwaka 2006 Wafini wana ibada wanayoiita Metallimessu, misa ya metali. Ya kwanza ilifanyika Helsinki, katika kanisa la Temppeliaukio lililochongwa ndani ya mwamba: nyimbo zilezile za kitabu cha Walutheri, gitaa na ngoma kwa nguvu zote, mchungaji akiwa na kanzu yake. Mjomba akatikisa kichwa. Nikamuuliza, na Bulabo je? Maana kule Bujora, karibu na Kisesa, Padri David Clement aliziingiza ngoma za Kisukuma kanisani wakati ambapo waumini wengi walifundishwa kwamba ngoma hizo ni upagani, na leo ngoma za Bulabo huchezwa majira ya sikukuu ya Ekaristi, Bagika na Bagalu wakishindana, nyoka mabegani. Mjomba alikwenda ujanani na anajisifia hadi leo. Alinyamaza, kisha akasema Bujora ni Bujora. Hoja hiyo sijapata jibu lake.

Kuna albamu moja iliyowahi kuwaweka mwenzangu na binamu yangu meza moja, kwa njia ya simu. Ni *Duma*, ya bendi ya Nairobi yenye jina hilohilo: Martin Khanja anayejiita Lord Spikeheart kwenye sauti, na Sam Karugu kwenye gitaa na mitambo. Ilitoka mwaka 2020 kwa lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala, ya watu walewale wa tamasha la Jinja ambalo mwaka 2018 waziri wa maadili wa Uganda, Simon Lokodo, alitaka kulipiga marufuku. Nairobi ilikuwa na bendi za metali kabla yao, Last Year's Tragedy kwa mfano, na Kampala ilikuwa na Vale of Amonition, lakini hizo ukizisikia unajua zimesoma shule moja na Wazungu. Duma wamevunja shule yenyewe. Ngoma zinatoka mashineni kwa kasi isiyo ya mikono ya mtu, na Khanja anapiga mayowe juu yake. Mwaka 2024 Khanja alitoa *The Adept* peke yake, kwa lebo yake ya Haekalu.

Mwenzangu alisema ni kazi kubwa ila si metali, kwa sababu mpiga ngoma hayupo. Binamu yangu akasikiliza dakika moja, akasema: "Hii ni singeli imepandwa na mashetani." Nilipomwambia kwamba lebo hiyohiyo mwaka 2017 ilitoa *Sounds of Sisso*, mkusanyiko wa singeli ya studio ya Sisso ya Mburahati, Dar es Salaam, akapiga kofi mezani: alijua! Nami nipo upande wake. Anayecheza singeli harusini kisha akaniambia metali ni kelele, tatizo lake si kelele.

Pamoja na hayo, lipo eneo ambalo Isaka inapoteza na Tampere inapata. Binamu yangu ana maelfu ya nyimbo za Kisukuma kwenye kompyuta yake, na hakuna hata mmoja wenye tarehe. Jina la mwimbaji Bhudagala nimelikuta limeandikwa kila namna kwenye memori kadi moja. Nilimpigia mwenzangu wimbo wa wacheza nyoka. Akauliza nani, wapi, mwaka gani, na sikuwa na kitu cha kumjibu. Anayetaka kusoma nyimbo za kazi za Wasukuma, zenye majina na maelezo, atafute kitabu cha Frank Gunderson, Mmarekani, kilichochapishwa Leiden mwaka 2010. Mimi nimekiona maktaba. Binamu yangu hajawahi kukiona, na baadhi ya nyimbo za humo bibi yetu aliziimba akipalilia pamba.

Basi nikamnunulia daftari kubwa. Nikamwomba kila manju anayekuja kuingiziwa nyimbo amwandike: jina, kijiji, upande wake, na mwaka. Alikubali baada ya mabishano ya bei. Kurasa za kwanza alizipiga picha akanitumia. Jina lipo, kijiji kipo, Mgika au Mgalu ipo. Kwenye safu ya mwaka ameandika nani alimshinda nani.

Nilimtafsiria mwenzangu koridoni. Alisoma polepole, kidole kikifuata mistari, halafu akauliza swali ambalo sikulitarajia kwake: hawa walioshindwa, rekodi zao ziko wapi? Nikalipeleka Isaka. Binamu yangu akaona ni upuuzi mtupu. Nani atapoteza nafasi kwenye kadi kwa ajili ya mtu aliyekimbiwa na watu uwanjani? Nikamkumbusha Demilich, waliovunjika bila kushinda chochote, na leo tunabishana juu yao kutoka Kuopio hadi Isaka. Akasema yule wa chura hakushindwa, hakushindana tu, na kwamba hayo ni mambo mawili tofauti. Tumekatiana simu. Kesho ni Jumamosi, hana wateja wengi asubuhi, nitampigia tena.